Kusimama Mbele ya Mlezi

Jumapili, 2 Machi 2025

Mfungo wa kwanza. Daku nimekula nusu usingizini – viazi vitamu na chai – kisha nikakaa mlangoni kutazama ukungu. Asubuhi Nyakitonto haipo. Kuna mlango, kuna ngazi mbili, halafu weupe mtupu. Baadaye unasikia jogoo, unasikia mtu anakohoa, ndipo migomba inaanza kujitokeza mmoja mmoja. Kule Kondoa mama alizoea kusema mimi naota macho wazi. Kweli. Mwaka wa tatu niko hapa, na bado kila asubuhi nahisi nimeletwa na ndoto, siyo na barua ya ajira.

Mama Immakulata, mwenye nyumba wangu, amenikuta pale pale akienda misa. Akauliza kama Warangi wote wanafunga au ni mimi tu nimeishiwa unga. Utani wake wa kila mwaka. Nikamwambia Waha wangefunga wangekufa siku ya pili kwa kukosa maharage. Akaenda zake akicheka.

Yeye ni fundi cherehani, na ni mlezi katika mpango wetu wa vijana. Niuandike vizuri mpango huu leo, maana wiki hii ni yake. Kijana asiye na shule wala kazi anakabidhiwa kwa mtu mzima mwenye kazi yake: fundi, mwashi, mfuga nyuki. Anakaa naye mwaka mzima, anajifunza kazi, anajifunza na kuishi. Mlezi halipwi kitu. Wafadhili wananunua vifaa, sisi wa kata tunasimamia. Kundi la kwanza limetimiza mwaka. Alhamisi anakuja William, afisa wa wafadhili aliyeko Kibondo. Akiridhika, fedha za kundi la pili zinatoka. Asiporidhika, basi, tumefunga duka.

Mchana akaja Aneth, mtoto mgongoni. Kila Jumapili akitoka ibadani anapitia hapa. Shule aliiacha kwa sababu ya mimba. Anataka cherehani, na anamtaka Mama Immakulata, mwingine hataki. Kundi la pili linaanza lini? Karibu, nikasema. Akasema ngoja ngoja huumiza matumbo – halafu akakumbuka nimefunga, akajiziba mdomo. Tulicheka sana. Lakini ananitazama kana kwamba ufunguo uko mfukoni mwangu.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kwa Mzee Tharsisi, mlezi wetu mfuga nyuki, kumwandaa yeye na kijana wake kwa ajili ya Alhamisi. Mizinga yake iko ng'ambo ya kijito, ndani ya pori la miombo, unatembea mpaka unasahau ulikuwa unakwenda wapi. Mvua ya jana imeacha harufu ya uyoga. Kila kitu kijani, na kijani chenyewe kinatoa mvuke.

Esteri alikuwa juu ya ngazi, anakagua mzinga. Huyu ndiye kijana wetu bora, sifichi. Babu zake walikimbia Burundi, wao sasa ni raia, lakini mashamba hawakurithi. Alipokuja kwetu mwaka jana alikuwa haongei. Sasa ana mizinga yake mwenyewe, ana wateja mpaka Kabanga, na wadogo zake wanavaa viatu kwenda shule.

Mzinga wake wa kwanza hakupewa na wafadhili. Alipewa na mzee mwenyewe, ukiwa na nyuki ndani, kabla vifaa havijafika. Mzee ana wana wawili, wote walikwenda Geita kwenye machimbo, hawarudi wala hawapigi simu. Leo nimeona Esteri akishuka kwenye ngazi kumsalimu: akainama, akapiga makofi taratibu, mikono miwili, namna wanavyosalimia wakubwa hapa. Nilikuwa nimemwona akimsalimu hivyo hivyo asubuhi sokoni. Mzee anaitikia kwa kichwa tu, lakini uso wake unalainika.

Nikakaa kwenye majani kuwasubiri wamalize. Saumu, jua la ukungu, mvumo wa nyuki – nikasinzia. Nikaota nyuki wanaongea Kirangi, wananiuliza nimekula nini. Esteri ndiye aliyeniamsha. Alikuwa anajizuia kucheka.

Alhamisi, 6 Machi

Sijui nianzie wapi.

Ukumbi wa kanisa niliupanga mwenyewe. Walezi kwenye viti upande mmoja, vijana kwenye mabenchi upande wa pili, wanatazamana. Nikaona imependeza. William akafika na shati lililonyooka na tabasamu la mtu aliyelelewa vizuri. Akasalimia kwa Kiha, “Mwakeye!” Watu wakampigia makofi. Nikasema moyoni, leo tumeshinda.

Akaeleza kwa upole kabisa. Lengo la mpango ni kijana kujitegemea. Kwa hiyo kila kijana anayeona sasa anasimama kwa miguu yake, kwamba hamhitaji tena mlezi wake, asimame, na mlezi athibitishe.

Hakuna aliyesimama.

Akarudia. Akafafanua. Watu wakatazama sakafu. Mtoto wa mtu akalia nje, tukamsikia mpaka alipobembelezwa akanyamaza. Nikafikiri wameona aibu, nikawatia moyo, nikawatania – wapi. Mwishowe William akamgeukia Esteri. Amesikia ana mizinga yake, ana biashara yake. Je, bado anamhitaji mzee?

“Ego, ndiyo,” akasema Esteri, macho chini. “Bado namhitaji.”

Na vijana wote, mmoja baada ya mwingine, wakasema hivyo hivyo! Hata yule mwashi ambaye nyumba ya mhudumu wa zahanati kaijenga peke yake. Na walezi – hili ndilo lililonimaliza – walezi wakawa wanaitikia kwa vichwa, wameridhika, kama wazazi kwenye mahafali.

Kwenye gari William aliniuliza, bila ubaya wowote, mwaka mzima umekwenda wapi. Nilifuturu maji matupu.

Ijumaa, 7 Machi

Nina hasira na kila mtu. Na Esteri zaidi. Nimeshinda ndani. Ukungu haukuondoka mpaka saa sita.

Jumamosi, 8 Machi

Mama Immakulata ameniita kibarazani kwake, akaendelea kukanyaga cherehani huku akiniambia. Bila kunitazama. Akitaka kusema jambo zito huwa anashona.

Kumbe zamani huku mtu alikuwa akikugawia ng'ombe. Wanaita ubugabire. Hakukopeshi, hakuuzii, anakugawia. Wewe unamtunza, unakunywa maziwa, anazaa, unatajirika. Unakuwa mtu. Lakini yule aliyekugawia anabaki mkubwa wako. Ana shamba, unakwenda kulima. Ana msiba, wewe ndiye wa kwanza kufika. Na hata ukiwa na zizi lililojaa, husimami mbele ya watu ukasema sasa simhitaji fulani. Kumwambia hivyo ni kumrudishia ng'ombe wake mlangoni. Ni kumkana. Watu wataona unamwombea afe.

Nikamwambia ng'ombe siku hizi hakuna. Akasema ng'ombe hakuna, watu bado wapo. Mzee Tharsisi alimgawia Esteri nyuki. Yeye mwenyewe, Immakulata, amemgawia yule msichana anayemlea mkasi wa marehemu mama yake. Wewe ulifikiri tunafanya mpango wa wafadhili, akasema; sisi tulikuwa tunapata watoto.

“Sasa unawaambia wasimame,” akasema. “Hiyo kwetu ni fadhila ya punda.”

Nilikaa nikitazama sindano inavyopanda na kushuka. Niliona aibu kwa hasira zangu za jana. Halafu nikaona kitu kingine, nikaogopa zaidi: kadiri mpango ulivyofanikiwa, ndivyo hakuna atakayesimama. Na wasiposimama, Aneth hapati.

Nikamuuliza Mama Immakulata yeye angemchukua Aneth? Akasema angemchukua hata kesho. Lakini cherehani ni moja na tayari ina wawili. Amchukue amkalishe wapi, juu ya mapaja?

Jumanne, 11 Machi

Kibondo na kurudi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame – nimeinama mpaka kiuno kinauma.

Lami ya siku hizi inamfanya mtu aote. Gari linateleza tu, misitu inapita, vilima vya Burundi vinaelea kule mbali, bluu, havina miguu. Makere walipanda akina mama wa kambi ya wakimbizi, wakawa wanaongea Kiswahili chao cha Kongo, laini, wananong'ona. Nikalala. Niliota Aneth anashona ukungu. Anaukata kwa mkasi, anaupinda, anashona pindo. Nilipoamka tumefika, na nilikuwa na furaha ya bure kabisa.

William alinipokea vizuri. Nikamweleza yote: ng'ombe, nyuki, mkasi. Alisikiliza kweli, aliacha hata simu yake iite. Akasema bibi yake huko kwao Upareni angeelewa. Lakini ofisi yake haitaelewa. Nikamwambia basi aulize vingine, aulize nani anajua kazi, nani anajilisha. Akatikisa kichwa. Ujuzi tayari ameuona. Wanaotoa fedha wanataka kujua kama kijana ameachana na mlezi ili nafasi yake achukue mwingine, la sivyo watakuwa wanalisha watu wale wale milele. Basi niwaite mmoja mmoja chemba, bila walezi? Hapana. Kuna mahali walidanganywa, wakaletewa vijana hewa. Tangu hapo kijana anasema mwenyewe, hadharani, mlezi akiwepo.

Hata hivyo amenipa nafasi moja. Jumanne ijayo atapita tena akielekea Kasulu mjini. Atauliza mara moja. Akipata hata nusu yao, atatetea. Asipopata, kundi la pili limekufa, na vifaa vitapelekwa wilaya nyingine.

Hana roho mbaya. Ningefarijika zaidi angekuwa nayo.

Alhamisi, 13 Machi

Aneth amekuja siku isiyo yake. Hakuuliza chochote. Aliketi ngazini akaniomba kipande cha kitambaa, akaanza kunionyesha mshono aliojifundisha kwa mkono, nyuma na mbele, mdogo mdogo. Mtoto alikuwa anavuta uzi. Mvua ikatuzuia pamoja karibu saa nzima, tukaangalia tu maji yakichora njia kwenye udongo mwekundu. Nilitamani mvua isikatike. Ilipokatika nikamwambia mambo hayajakaa sawa. Akasema anajua, watu wamesema. Akaniachia kile kitambaa.

Jumamosi, 15 Machi

Nimekwenda kwa Esteri. Alikuwa anayeyusha nta nyuma ya nyumba, harufu imejaa mpaka barabarani. Nikamweleza bila kuzunguka. Wakubwa wa fedha wanataka nini. Aneth anasubiri nini. Nikamwomba Jumanne asimame, maana akisimama yeye wengine watafuata.

Alikoroga kwa muda mrefu.

“Dada Shadia, unaniomba nimkane mzee mbele ya watu.”

“Ni maneno tu, Esteri. Kesho yake unakwenda kumsalimia kama kawaida.”

“Kwako ni maneno.” Akaondoa sufuria motoni. “Wanawe walikwenda hivyo hivyo. Walisimama uani wakamwambia hatukuhitaji. Mimi nilikuwepo? Sikuwepo. Ila ananisimulia kila tukikaa. Sasa na mimi nisimame?”

Nilikuwa sijui habari hiyo. Ningejua nisingekwenda, au labda ningekwenda tu, sijui.

Kisha akaniuliza kama Aneth anajua kwamba jambo lake limemfikia yeye, Esteri. Nikasema sijamwambia. Akasema bora nisimwambie, maana asipopata nafasi atasema Esteri ndiye alimfungia mlango, na itakuwa kweli. Akalia kidogo, akajifuta kwa mkono wenye nta, nta ikaganda shavuni. Tukacheka kwa sababu hiyo, na ilikuwa vibaya kucheka.

Sikumlazimisha. Nimerudi polepole. Nimetamani mara mia William asingekuja, na mara mia nimetamani aje.

Jumatatu, 17 Machi

Asubuhi Mzee Tharsisi alitokea kwenye ukungu, kofia kichwani, akasimama chini ya ngazi. Nikainama nikapiga makofi kama nilivyojifunza. Nayapiga vibaya, lakini haonyeshi.

Mama Immakulata alikuwa amemsimulia. Hakuniuliza kuhusu fedha, wala kuhusu wafadhili. Aliuliza yule msichana mwenye mtoto ni wa ukoo gani. Nikamwambia ninavyojua. Akauliza kama kesho ni lazima walezi wawepo. Nikasema ni lazima, bila wao haihesabiki. Akasema vema. Akasema mvua ya kesho itakuwa kubwa, kunguru wameshuka. Akaondoka, na hatua kumi tu ukungu ukamchukua.

Nimeshindwa kusoma uso wake. Nilitaka kumkimbilia nimwombe msamaha, sikujua ni wa nini hasa.

Jumanne, 18 Machi

Naandika nikiwa humu humu ukumbini, daftari magotini. Mvua imetufunga. Bati linapiga kelele mpaka William ameshindwa kusikika. Amesema tusubiri ipungue ndipo aulize, kisha amekimbilia garini kupokea simu ya ofisini kwao. Nisipoandika nitapiga kelele na mimi.

Nimepanga viti kama mara ile. Sikuwa na akili ya kupanga vingine. Walezi kule, vijana huku. Wanatazamana na hakuna anayemtazama mwenzake. Esteri yuko mwisho wa benchi la mbele. Amevaa gauni la kanisani. Aneth hakualikwa, lakini yuko nyuma mlangoni, mtoto amelala begani. Naona Esteri amemwona.

Kijana mwashi ameniita kwa ishara akaninong'oneza: Esteri akisimama atasimama, asiposimama hasimami. Wote ni hivyo. Wamemtwika yeye mzigo mzima, na mimi ndiye niliyeanza.

Ngoja. Mzee Tharsisi ameinuka.

Amekishika kiti chake. Nilidhani anaondoka. Amekigeuza. Amekaa tena, uso kwenye ukuta, mgongo kwa vijana. Kofia ameivua ameiweka gotini.

Mama Immakulata anamtazama. Sasa na yeye ameinuka, anageuza. Hajasema neno – yeye! Na fundi baiskeli. Na mwashi mzee. Kiti chake kina mguu mbovu, anahangaika nacho, mwenzake anamsaidia. Viti vinakwaruza sakafu, lakini mvua inameza kila sauti, naona tu vitu vinasogea kama ndani ya maji. Wote sasa. Mstari mzima wa migongo. Mabega ya Mama Immakulata yanatikisika.

Walezi wapo. Hakuna aliyetoka. Na hakuna atakayeona.

Vijana wameduwaa. Esteri ameweka mkono mdomoni.

Mvua inapungua. Mzee Tharsisi amesema kitu, bila kugeuka, kwa Kiswahili, polepole, ili na sisi wageni tuelewe:

“Esteri. Mimi naangalia ukuta.”

William amerudi, amelowa mabega. Amesimama mlangoni. Ameona migongo. Uso wake umebadilika, amekuja moja kwa moja kwangu, ananiuliza kwa sauti ya chini wazee wamemkasirikia nini, wanamsusia? Je, awaombe wageuke kwanza?

Nimemshika mkono wa shati. Kwenye saumu, mtu mzima, mbele za watu. Nimemwambia asiwageuze. Aulize swali lake hivi hivi, sasa hivi.

Ananitazama. Anawatazama. Esteri ameshika ukingo wa benchi kwa mikono miwili, na William anafungua mdomo kuuliza.